Mji wa Chongo Hauhitaji Chongo Mwingine

Methali ya "ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho" haikutungwa kanisani, ila siku hizi huko ndiko ilikopata wafuasi wake wakereketwa. Wamo mzee wa kanisa aliyempatia mwanawe ajira kwa bahasha, mwanakwaya mwenye nyumba ndogo mtaa wa pili, na mfanyabiashara anayetoa zaka ya mapato ambayo mamlaka ya kodi haijawahi kuyaona. Hakuna hata mmoja wao anayesema Biblia ni uongo. Wanasema jambo la adabu zaidi: Biblia ni njema, lakini mtu anaishi na watu.

Haifai kuwasingizia. Hoja yao ikielezwa na mtu makini ina uzito. Maandiko, wanasema, yaliandikiwa wafugaji na wakulima wa kale waliokuwa na wafalme na watumwa, na leo kuna katiba, benki na simu za mkononi. Kanisa lenyewe limeacha mengi: halimpigi mzinzi mawe, halitetei utumwa. Kama liliyaacha hayo kwa kuwa jamii ilisonga mbele, ling'ang'anie mengine kwa nini? Halafu mtu mmoja hashindani na mfumo. Anayekataa kutoa chai hunyimwa kibali, na watakaolala njaa ni wanawe. Tena viwango hivyo vililetwa na Wazungu, na Mwafrika alikuwa na maadili yake. Isitoshe, imani ni siri ya mtu na Mungu wake. Na mwisho kabisa, wanaojitangaza kuishi kwa Neno ndio hao hao tunaowafahamu vituko vyao, kwa hiyo wanyamaze.

Hizo ni hoja tano. Kila moja ina chembe ya ukweli, na kila moja ikifuatwa mpaka mwisho wake inamwachia deni mtu ambaye hakuwapo wakati inatolewa.

1. "Kanisa huwa bora likifuata jamii"

Hii ndiyo inayodhaniwa haina jibu, kwa hiyo inastahili kuanza, tena kwa nafasi ya kutosha. Inachukulia kwamba jamii ndiyo huongoza kwenye wema, na kanisa hukokotwa nyuma likilalamika. Kanisa la Matengenezo la Kiholanzi la Afrika Kusini, kwa kifupi NGK, lina kumbukumbu za vikao zinazosimulia kinyume chake.

Mwaka 1829 viongozi wa kanisa hilo waliulizwa kama waumini weusi washiriki Meza ya Bwana pamoja na weupe. Walijibu kwamba washiriki wote bila kubagua rangi, na kwamba jambo hilo linatokana na Neno la Mungu, hivyo halina mjadala. Jamii iliyowazunguka haikufurahi. Walowezi walikuwa mabwana kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na kugeuzwa ndugu siku ya Jumapili kuliwachosha. Miaka 28 baadaye, mwaka 1857, sinodi ikakaa tena, ikatoa azimio ambalo kila mtetezi wa "kwenda na wakati" angepaswa kulisoma. Lilikiri kwamba kuabudu pamoja ndiko kunakopendeza na kunakopatana na Maandiko. Kisha, kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu, likaruhusu ibada zitenganishwe.

Hapo hapakuwa na mzushi. Hakuna aliyesema Biblia imekosea, wala hakuna aliyesema ubaguzi ni mwema. Walisema tu kwamba wapo watu dhaifu, na watu hao dhaifu, kwa bahati ya pekee, ndio waliokuwa na mashamba, bunduki na viti vya mbele.

Udhaifu ukilelewa hunenepa. Mwaka 1881 likaundwa kanisa la pekee kwa wale walioitwa Makaladi. Yakafuata mengine kwa ajili ya Waafrika. Baadaye wakatokea wanatheolojia waliochoka kuita jambo hilo udhaifu, wakatafuta mistari ya kuonyesha kwamba lilikuwa mpango wa Mungu tangu Mnara wa Babeli. Chama cha National kiliposhika serikali mwaka 1948, kilikuta theolojia imeshapikwa na kupakuliwa. Waliolipia huruma ile ya 1857 ni familia zilizobomolewa nyumba zao katika mtaa wa District Six, Cape Town, na watu 69 waliopigwa risasi na polisi pale Sharpeville tarehe 21 Machi 1960. Hakuna hata mmoja wao aliyealikwa kwenye sinodi.

Baada ya Sharpeville, mwezi Desemba 1960, wajumbe wa makanisa walikutana Cottesloe, Johannesburg, wakakubaliana kwamba hakuna Andiko linaloweza kumzuia muumini kuingia kanisa lolote kwa sababu ya rangi yake. Waziri Mkuu Verwoerd alikasirika, na NGK ikawakana wajumbe wake yenyewe. Mmoja wao, mchungaji Beyers Naudé, hakurudi nyuma. Huyu hakuwa mtu wa pembeni: baba yake alikuwa miongoni mwa waasisi wa Broederbond, chama cha siri cha wakubwa wa Kiafrikana, na yeye mwenyewe alikuwa mwanachama. Mwaka 1963 aliambiwa achague kati ya mimbara yake na taasisi ya Kikristo aliyoianzisha ili kupinga ubaguzi. Akaiacha mimbara. Kuanzia 1977 hadi 1984 serikali ilimpiga marufuku: asikutane na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati, na maneno yake yasichapishwe. Mwaka 1994, nchi ikiwa tayari mikononi mwa Mandela, kanisa lile lile likamwomba radhi. Walikuwa wamesubiri hadi jamii ikawa upande wake ndipo wakamwona.

Na utumwa je? Unatajwa kila mara kama ushahidi kwamba jamii ndiyo ililifundisha kanisa. Ni kweli wapo waliotetea minyororo wakiwa na Biblia mkononi, na walikuwa wengi. Lakini Waingereza waliokuwa wakinywa chai yenye sukari ya watumwa hawakuamka asubuhi moja wakiwa wastaarabu. Mwaka 1791 William Wilberforce, Mkristo wa uamsho, alipeleka bungeni hoja ya kukomesha biashara ya watumwa, akashindwa kwa kura 163 dhidi ya 88. Biashara ilipigwa marufuku mwaka 1807. Kwa miaka yote hiyo 16, waliokuwa wakienda na wakati ni wale 163.

2. "Kila mtu anafanya, nikatae mimi nani?"

Hii ni hoja ya mtaani, na wenye kuitoa hawana haja ya falsafa. Wanaita chai, kitu kidogo, ya soda, ya maji, na kwa majina hayo mtu angedhani watumishi wa umma wa Afrika Mashariki wanasumbuliwa na kiu kuliko watu wote duniani.

Tanzania ilipiga hatua moja mbele, ikaiandikia kiu hiyo sheria. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa, ikaingizwa kifungu kwamba anachotoa mgombea kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa jadi, hakitahesabiwa kuwa rushwa. Kitu hicho kikaitwa takrima. Pilau, khanga na fulana zikavuka mpaka kutoka kwenye hongo zikawa utamaduni. Jambo la ajabu kuhusu ukarimu huo wa jadi ni kwamba ulikuwa ukiamka kila baada ya miaka mitano na kulala mara tu matokeo yakitangazwa. Chaguzi mbili zilipita hivyo. Mwezi Aprili 2006, kufuatia shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake, Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu kile kinapingana na Katiba, kwa kuwa kilimpendelea mgombea tajiri dhidi ya maskini.

Majaji walikuwa wakisoma Katiba, hawakuwa wakisoma Kutoka sura ya 23. Hata hivyo sura hiyo ingewafaa. Mstari wa 8 unakataza rushwa kwa sababu ya kiutendaji kabisa: huwapofusha wanaoona na kupotosha maneno ya wenye haki. Na mistari michache kabla yake upo mwingine unaokataza kufuata wingi wa watu katika kutenda uovu. Mwandishi wa kale huyo, anayedaiwa kuandikia wachunga mbuzi, aliujua mkutano wa kampeni.

Wapo watakaosema uchaguzi ni mambo ya wakubwa. Basi twende sokoni. Anayelima viazi Njombe au vitunguu Karatu anaifahamu lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa kichwa kwa kushonewa neti au kipande cha gunia lingine, mpaka mzigo unazidi kwa mbali zile kilo 100 zinazoruhusiwa. Bei hailipwi kwa kilo. Inalipwa kwa gunia, na gunia ni moja. Mkulima akiuliza anajibiwa kwamba ndiyo desturi ya soko, na kama hataki, lori litaenda kwa jirani yake. Wakala wa Vipimo hutoza faini na kutoa matangazo, na lumbesa huendelea kushonwa, maana kila anayeishona anamwonyesha mwenzake anayeishona pia. Hata halmashauri inayotoza ushuru kwa gunia inaibiwa.

Walawi 19 inadai mizani ya haki na vipimo vya haki. Amosi 8 inawataja kwa hasira wafanyabiashara wanaongoja sabato ipite ili wapunguze kipimo na kuongeza bei. Ni sheria ya miaka elfu mbili na mia kadhaa, na bado haijaanza kutumika kikamilifu katika soko la viazi. Kuiita iliyopitwa na wakati ni mzaha. Jumapili, mnunuzi wa lumbesa anaweza kuwa amekaa benchi moja na mkulima aliyemnunulia, wote wakifungua Biblia, na somo la siku likawa juu ya urefu wa sketi za wasichana.

Anayesema "nikatae mimi nani" huhesabu hasara ya kukataa tu. Hasara ya kukubali haiandiki popote. Samweli alijaribu kuwaandikia Waisraeli hesabu hiyo. Walipotaka mfalme ili wafanane na mataifa mengine yote, aliwatajia bili kwa vipengele: wana wao watapelekwa vitani na mashambani mwa mfalme, binti zao jikoni kwake, sehemu ya kumi ya nafaka na mifugo itachukuliwa, na mwisho wao wenyewe watakuwa watumwa. Wakasikiliza yote, wakasema wanamtaka hivyo hivyo. Sababu waliyoitoa ni kwamba na majirani wanaye.

Kuna mahali ambapo bili ya kufanana na wengine ilisomeka kwa damu. Nyange iko magharibi mwa Rwanda, nchi ambayo mwaka 1994 watu tisa hivi kati ya kila kumi walikuwa Wakristo. Mwezi Aprili mwaka huo, mauaji ya kimbari yakiendelea, Watutsi zaidi ya 1,500 walikimbilia kanisa la parokia pale. Kanisa likaangushwa juu yao kwa tingatinga. Padri wa parokia, Athanase Seromba, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha, na mwaka 2008 rufaa ikampandishia adhabu hadi kifungo cha maisha. Miaka mitatu baada ya mauaji yale, mwezi Machi 1997, watu wenye silaha waliingia shule ya sekondari ya Nyange hiyo hiyo, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Wanafunzi wakakataa. Walipigwa risasi na kurushiwa maguruneti, na kadhaa wakafa, wakiwamo ambao wangepona kama wangesogea hatua chache tu.

Padri alikuwa na kila mtu upande wake: serikali ya muda, wanamgambo, redio, sehemu ya waumini wake. Wanafunzi wale walikuwa na wenzao wa darasani peke yake. Yule aliyesomea Biblia kwa miaka mingi seminari ndiye aliyefuata utamaduni wa msimu ule.

3. "Hayo ni mambo ya Wazungu"

Hoja hii hutolewa kwa sauti kubwa zaidi na mwanamume anayetetea nyumba ndogo. Mwafrika, anasema, hakuwa mtu wa mke mmoja. Sawa. Lakini babu yake aliyeoa wake watatu alilipa mahari tatu mbele ya wazee, akajenga nyumba tatu, akawatambua watoto wote kwa jina lake, na kila mke alijua kuna wenzake. Mjukuu amechukua idadi ya wanawake akaacha mahari, nyumba, jina na ukweli. Hiyo si mila ya Kiafrika wala ya bara lolote. Ni uzinzi wa kawaida uliovaa kitenge.

Gharama yake ilipimwa maabara. Uganda ilipoanza kuzika vijana kwa UKIMWI miaka ya 1980, serikali ya Museveni haikuanza na kondomu. Ilianza na kaulimbiu ya mfugo kulishwa zizini mwake, yaani mtu abaki na mwenziwe, na makanisa na misikiti ikaibeba. Kiwango cha maambukizi kilishuka kutoka takriban asilimia 15 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi kama asilimia 6 miaka kumi baadaye. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu uzito wa kila sababu, na vifo vyenyewe vilichangia kushusha takwimu, lakini kwamba watu walipunguza wapenzi hilo limeandikwa sana. Kwa muda mfupi, amri ya saba ikawa sera ya afya.

Kuhusu Uzungu wenyewe, historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki haiwapi wenye hoja nafasi ya kupumua. Uamsho huo ulianzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Bukoba na Kenya, na miongoni mwa waliouwasha walikuwa Waganda: Simeoni Nsibambi na mdogo wake Blasio Kigozi aliyefariki mwaka 1936. Walokole walirudisha mali walizoiba na kuungama hadharani, na waliwataka wamisionari weupe nao watubu majivuno yao. Wamisionari wengi hawakupendezwa. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26 wa uamsho. Kama viwango vya Biblia vilikuwa chombo cha Mzungu, mwenye chombo alikuwa akikimbia kisu chake mwenyewe.

Halafu ikaja hali ya dharura nchini Kenya, Oktoba 1952. Wakikuyu wa Uamsho walitakiwa na wapiganaji wa msituni, Mau Mau, wale kiapo chao, nao wakasema hawawezi kunywa kiapo cha damu baada ya kushiriki damu ya Kristo. Serikali ya kikoloni ikafurahi, ikawapa bunduki wajiunge na askari wa ulinzi wa vijiji. Wengi wakazikataa bunduki pia, wakisema hawawezi kuwaua ndugu zao. Msitu uliwaita vibaraka, na serikali haikuwaelewa. Baadhi waliuawa. Mtu anaweza kuamini kwamba vita ya kudai ardhi ilikuwa ya haki, na akabaki na swali la kujibu: hao walikuwa wakiiga utamaduni wa nani?

4. "Imani ni siri ya moyo"

Kinyume na inavyodhaniwa, Biblia haimtaki muumini ajitenge na mji. Danieli alisoma elimu na lugha ya Wakaldayo, akaitwa jina lao, Belteshaza, akatumikia ikulu zao tangu ujana. Aliukubali Babeli kwa sehemu kubwa na kukataa mambo machache sana, ila hayo machache aliyakataa kabisa. Sheria ilipotoka kwamba kwa siku 30 asiombwe yeyote ila mfalme, angeweza kufunga dirisha na kuomba kimoyomoyo. Mungu anasikia minong'ono. Washauri wa leo wangemwita mjinga kwa kuliacha wazi, na wangemkumbusha kwamba ana nafasi nzuri serikalini.

Dirisha hilo lilifunguliwa tena Nyeri, Kenya, mwaka 1987. Chama tawala, KANU, kilikuwa kimeleta kura ya mlolongo, ambapo mpiga kura hupanga mstari nyuma ya mgombea wake, akitazamwa na chifu, mwajiri na polisi. Askofu David Gitari wa Kanisa la Anglikana alihubiri kutoka Danieli sura ya 6. Hakumtaja rais. Alieleza habari za Wamedi na Waajemi, na wanasiasa wakajitambua mara moja, wakamshutumu kwa uchochezi. Inaonekana Biblia, iliyopitwa na wakati kiasi hicho, ilikuwa na habari za wiki ile. Aprili 1989 wahuni walivamia nyumba yake Kirinyaga usiku, akajiokoa kwa kupanda juu ya paa. Mwaka uliofuata Askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa hadharani na waziri kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikwenda. Tarehe 14 Agosti 1990, akirejea, gari lake liligongana na lori, akafa. Waziri alijiuzulu. Mlolongo ulifutwa mwishoni mwa mwaka huo.

Hoja ya siri ya moyo ina tabia moja: hutumika dhidi ya muumini anayekataa, kamwe si dhidi ya yule anayeshangilia. Mwanasiasa anayemwambia askofu abaki na mambo ya kiroho ndiye anayepewa kipaza sauti Jumapili, amevaa kanzu ya kualikwa, akiahidi mabati.

5. "Walokole wenyewe wanafiki"

Kweli. Na orodha ni ndefu kuliko wapinzani wanavyojua, kwa kuwa walio ndani ndio wanaoiona vizuri. Kanisa linalomsimamisha mbele binti aliyepata mimba na kumwacha mwanakamati aliyempa mimba aendelee kuhesabu sadaka halina viwango vya Biblia. Lina viwango vya kijiji.

Wanaopinga huongeza Shakahola, na hawana budi kujibiwa. Tangu mwaka 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika msitu huo wa Kilifi, ya watu wanaodaiwa kuambiwa na mhubiri wafunge hadi kufa ili wakamwone Yesu. Je, huko si kuishi kwa Neno bila kujali jamii? Ingekuwa hivyo kama Neno lingekuwa ni lolote atakalosema mwenye kipaza sauti. Kumbukumbu la Torati 18 linaagiza nabii apimwe kwa kutimia au kutotimia kwa maneno yake. Matendo 17 inawasifu watu wa Beroya kwa kuwa walimkagua hata Paulo, wakichunguza Maandiko kila siku. Waliozikwa Shakahola walinyang'anywa haki hiyo ya kukagua. Walimfuata mtu, na kumfuata mtu ni utamaduni wa kisasa kuliko wote.

Lakini hoja ya unafiki inajikata yenyewe mahali pengine. Anayesema "walokole wanafiki" amewapima kwa kipimo, na kipimo hicho hakukichukua kwenye mazingira, kwa sababu kwa mazingira hawajakosa chochote: wamefanya kama wengine. Amekichukua kwenye Biblia ile ile anayodai haifai kupimia.

Kenya ilionyesha jambo hili waziwazi. Tarehe 17 Novemba 2024 Rais Ruto alitoa shilingi milioni 2.6 katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi: milioni 2 za nyumba ya mapadri na 600,000 za kwaya na shirika la watoto. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha hizo zinarudishwa. Maaskofu walikuwa wametoka kuilaumu serikali kwa uongo siku chache kabla, na pengine waliona aibu kulaumu huku mkono uko mfukoni mwa anayelaumiwa. Wazee wa busara walilalamika: mapadri watalala wapi, fedha haina dini, makanisa mengine yanapokea.

Mengine yalipokea. Machi 2025 kanisa moja la Roysambu, jiji lile lile, lilipewa na rais huyo huyo shilingi milioni 20. Jumapili iliyofuata waliojitokeza kupinga walikuwa vijana, kizazi ambacho kila semina ya uchungaji hueleza kwamba hakitaki tena kusikia habari za viwango na kwamba lazima kivutiwe kwa muziki na taa. Walitaka fedha zirudishwe. Polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi, na ndani ibada ikaendelea chini ya ulinzi.